Koo la Baba

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na huo mkono wako, maana najua baridi ya huko haielewani na mfupa uliowahi kuvunjika. Sisi huku tunapumua. Mimi bado nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, mgongo unauma, macho yanauma, wateja wanagonga dirisha kabla sijanawa uso. Lakini kazi ipo, nashukuru.

Najua ulinikataza kukuandikia habari za Baba. Ulinikataza mara mbili, na mara ya pili ulitumia kalamu nyekundu. Safari hii utanivumilia, maana nisipomwambia mtu nitapasuka.

Jumanne mchana nilimpakulia. Unakumbuka sheria ya meza: hakuna anayegusa chakula mpaka yeye ameze tonge la kwanza. Nina miaka arobaini na moja na bado nakaa mikono mapajani, naangalia koo lake. Basi akatia kijiko mdomoni, akaona wali umepoa. Hakutema. Alisimama na mdomo wake umejaa, akanikamata nywele kwa mkono wa kushoto, akakunja ngumi ya kulia. Nikafumba macho. Nikamsikia anameza, ule mlio wake unaujua. Nikasubiri, na ngumi haikuja.

Nilipofumbua macho Baba alikuwa anashuka. Hakuanguka kama mtu aliyeteleza, mdogo wangu. Alishuka mzima mzima kama shuka iliyochomoka kwenye kamba, na kwa kuwa nywele zangu zilikuwa bado mkononi mwake, tukashuka wote. Kidevu chake kilipiga ukingo wa meza, jino likatoka na damu. Macho yalikuwa wazi lakini hayamwoni mtu. Uso umekuwa wa majivu. Ngumi ilikuwa bado imekunjwa.

Nilianza kuhesabu, sijui kwa nini. Nilipofika tisa akavuta pumzi kwa nguvu, akanitazama, akasema, "Umenipiga na nini?"

Nikamwambia sijampiga. Hakuamini. Alipopata nguvu alinilipa kwa ajili ya jino lake: kiatu mgongoni mara nne, na cha tano kikaingia sikioni. Mpaka leo sikio hilo linavuma, nikiegemea upande wake sisikii cherehani.

Nisamehe kwa kukuharibia siku. Wasalimie wenzako wa kazini.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, mkono mzima kwa kiasi chake. Barua yako niliisomea chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa na buti zangu za mpira, damu ya asubuhi haijakauka kwenye aproni. Nilipofika pale mzee alipoenda chini na ngumi yake, nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza nimeshinda nini. Halafu nikafika kwenye sikio. Nikasimama nikapiga mlango wa kabati teke, sasa haufungi, na msimamizi amenifokea mbele ya watu.

Kazi yangu bado ni ileile, mstari wa kwanza machinjioni. Mnyama anakuja ananing'inia kwa mguu mmoja, mimi nakata koo, anapita, anakuja mwingine. Mia nne kwa zamu. Wenzangu wanasema mimi ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote, mnyama hajui hata nimefika. Wananisifu, ila wangejua nakata nikiwa namwona nani wasingenisifu.

Unajua nilivunjwa mkono kwa nini, siku ile hukuwapo nyumbani? Mama hakukwambia? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa mezani, yeye hajameza, na mimi nikasema, "Mama anatoka damu puani." Maneno manne. Kwa hayo manne alikwenda karakana yake ya vyuma akarudi na nondo. Miaka kumi sijainua kiwiko juu ya bega.

Sasa niambie yote. Ameanguka tena? Na kwa mara ya mia nakuuliza: unangoja nini humo ndani? Mama ana miaka sita kaburini. Toka.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku? Afya yako? Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama una hasira mpaka umetoboa karatasi.

Unaniuliza nangoja nini. Mama alipokuwa anakata roho hakuniambia nimsamehe mumewe, wala hakuniambia nimpende. Alinishika kidole akasema, "Usimwache na njaa." Ndiyo hayo tu. Wewe ulikuwa mbali, hukusikia sauti. Mimi niliisikia, na kila nikifunga mzigo wangu naufungua tena.

Ndiyo, ameanguka tena. Mara kumi na moja. Amekwenda zahanati, wakasema damu imepungua. Akaenda tena, wakasema ni joto la kule karakanani, apunguze kuchomelea vyuma mchana. Mchungaji wa jirani akaja kumwombea, Baba akamrushia bakuli. Kila mtu ana lake. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyelelewa akiangalia lile koo mara tatu kwa siku kama tulivyolelewa sisi. Mimi nilijua siku ya tatu tu.

Ni kumeza. Tonge dogo halina neno. Supu ya vuguvugu haina neno. Lakini tonge kubwa, au funda la maji ya baridi, au soda: kile kikoromeo kikipanda na kushuka tu, naanza moja, mbili, na kabla ya tatu yuko chini. Unajua anavyokula, anajaza mdomo kama anayefukuzwa. Kwa hiyo anaanguka, anaamka, hakumbuki, ananitazama mimi.

Yeye ameamua ni sumu. Sasa kila chakula naonja mbele yake, vijiko viwili, na yeye ananishika taya nisiteme. Juzi nilikohoa kidogo kwa sababu ya pilipili. Alichukua upawa wa chuma ukiwa umetoka kwenye sufuria, akanipiga juu ya jicho. Nilishonwa nyuzi sita na mwanafunzi wa uuguzi ambaye hajui kushona. Nilitamani nimnyang'anye sindano.

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo ukilisoma ulichome.

Jana aliingia chumba cha mbele amekasirika, eti nimefunga geti vibaya. Alikuwa na mkanda. Alinipiga nikiwa nimekaa, mkono wangu ukasukumwa chini ya cherehani na mguu wangu ukiwa juu ya pedali, sindano ikapita kwenye kucha ikatokea upande wa pili. Nilipiga kelele. Akainua mkanda tena. Na mimi, sauti ikiwa ya upole kama ya mhudumu wa hoteli, nikasema, "Baba umechoka, kunywa maji kwanza." Kulikuwa na chupa yangu mezani, nimeitoa kwenye friji muda uleule. Alikuwa anahema. Akachukua, akapiga funda.

Moja, mbili.

Alilala pale katikati ya sare za watoto, na mimi nikiwa nimechomekwa kwenye cherehani kwa kidole, nikamwangalia. Nilifurahi, mdogo wangu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, halafu aibu ikaondoka nikabaki na furaha.

Dada yako

24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sikuichoma. Nimeisoma mpaka mikunjo inakatika.

Hutaki kutoka, sawa, basi maliza kazi. Nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu, sijanywa. Ngazi za nyuma bado zipo? Zile sita za saruji za kushukia karakana, zisizo na ukuta pembeni? Baba huwa anatupa vipande vya chuma pale chini. Mtolee kiti nje, mpe hewa. Mpe maji ya baridi. Nani atakuuliza kitu? Mzee aliyeanguka mara kumi na moja ameanguka ya kumi na mbili.

Ningefanya mwenyewe. Ningepanda gari kesho. Lakini nikiingia humo sitangoja maji.

Jumatatu nilipigana. Msimamizi alinishika hapa shingoni kwa nyuma, kwa utani, na kabla sijafikiri nilikuwa nimembana ukutani na kisu kiko chini ya sikio lake. Watu wanne walinitoa. Nimesimamishwa wiki mbili. Huo ndio urithi aliotuachia, Dada, na bado yuko hai anakula wali.

Fanya, kisha niandikie.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimechelewa kukujibu, nilikuwa nalala sakafuni hospitali ya rufaa. Nataka uisome hii ukiwa umekaa.

Nilimtolea kiti nje. Nilisema ndani kuna joto, naye akakubali, akasema leo umetumia akili. Nilikiweka kiti, mgongo kuelekea ngazi. Nilionja vijiko vyangu viwili. Nilimletea glasi imetoka jasho kwa baridi. Sikumsukuma. Nataka ujue kwamba sikumsukuma, halafu nataka ujue kwamba haibadilishi kitu.

Alimeza. Kiti kikaenda nyuma naye juu yake. Nilisikia ngazi ya pili, ya nne, halafu vile vyuma. Kichwa kilifunguka juu ya sikio, ngozi ikakunjika kama pindo lililofumuka, na damu ikaanza kutafuta njia kwenye saruji. Nilisimama pale juu. Nilihesabu mpaka tisa, akavuta pumzi, na moyo wangu ukavunjika kwa sababu alivuta pumzi. Nikahesabu tena mpaka mia moja na ishirini nikiwa nimesimama. Halafu akaita. Hakuniita mimi, alimwita Mama kwa jina lake. Nikashuka nikamfunga kichwa kwa kitambaa cha sare.

Hospitali alikaa siku kumi na tisa. Kichwa kiliwachanganya madaktari, na yeye kilimchanganya zaidi, wiki mbili nzima mimi nilikuwa Mama. Akinitukana, anamtukana yeye. Kuna daktari mmoja mwanamke, mwembamba, anaongea taratibu. Aliniuliza, "Mara ya kwanza alianguka akifanya nini?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Akimeza." Alinitazama kidogo, halafu akaagiza waya zibandikwe kifuani, akampa maji ya baridi hapohapo kitandani. Nikaona kwenye kioo cha ile mashine: mlima, mlima, mlima, halafu mstari. Mstari mtupu, mrefu. Moyo wa Baba unasimama, mdogo wangu. Koo linaupa moyo amri isiyo yake, nao unatii.

Aliniita kwenye korido, maana Baba alikuwa bado hajui yuko wapi. Akasema ipo dawa yake. Kimashine kidogo kama saa ya mkono, kinawekwa chini ya ngozi hapa karibu na bega, waya unaingia moyoni. Moyo ukitaka kusimama, kinausukuma. Siku sita na yuko nyumbani. "Atakula chochote," akasema, "atakunywa chochote, atarudi kuwa yule wa zamani." Alisema hivyo anatabasamu, akitegemea na mimi nitabasamu.

Kisha akasema bila hicho kimashine, siku moja moyo utasimama na hautaamka.

Fomu ninayo. Inataka sahihi yake au ya mtoto wake. Sasa kichwa chake kimetulia, yuko nyumbani, anajua mimi ni nani, lakini habari ya kimashine hajaisikia. Hakuna anayeijua isipokuwa daktari, mimi na sasa wewe. Nilimwambia daktari nitafikiri.

Dada yako

5 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua fupi, nimerudishwa kazini na sitaki kuonekana nimekaa.

Usitie sahihi. Umenisikia? Umemwona huyo daktari ni mwema, na ni mwema kweli, ila hajawahi kula meza moja na yule mtu. "Yule wa zamani." Mwulize kama anamjua yule wa zamani.

Iweke fomu mahali asipopaona. Hujaua mtu. Unaacha tu Mungu amalize alichoanza.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu. Hali yangu ni nzuri, naweza kusema sijawahi kuwa na hali nzuri hivi. Nimenenepa. Sikio limepungua kuvuma. Nimepokea kazi ya sare za shule mbili na nimeweka redio chumba cha mbele, naifungua kwa sauti ninayotaka.

Nimefuata ushauri wako, fomu iko chini ya vitambaa. Na Baba ametulia. Siku thelathini na nane hajainua mkono. Nitakueleza ilivyokuwa, utacheka.

Tangu kile kichwa amekuwa dhaifu, mikono inatetemeka, kijiko hakifiki. Kwa hiyo namlisha mimi. Siku ya kwanza alinitemea usoni. Nilijifuta, nikajaza kijiko mpaka kikafurika, nikamshika taya jinsi alivyokuwa akinishika, nikamtia. Akameza, akaenda. Alipoamka nikamwuliza, "Utatema tena?" Akatema. Nikajaza tena. Mara tatu siku hiyo. Jioni alikula kama mtoto mchanga, matone matone, macho yake hayatoki kwenye mkono wangu.

Sasa tuna mazungumzo mezani, jambo ambalo nyumba hii haijapata kuliona. Namwuliza maswali. Nilimwuliza, "Mkono wa mwanao wa kiume ulivunjika vipi?" Akasema alianguka kutoka mtini. Nikamsogezea glasi ya baridi, kiu ilikuwa imemshika, nilikuwa sijampa kitu tangu asubuhi. Alivumilia mpaka saa nane, akanywa, akaenda. Alipoamka nikamwuliza tena. Safari hii akasema, "Nondo." Nikampa uji wa vuguvugu kijiko kizima, nikamfuta mdomo.

Mbavu za Mama zilichukua siku mbili. Jicho langu, asubuhi moja. Kidole cha cherehani hakukikumbuka kabisa, kwa hiyo kile tulikirudia mpaka akakikumbuka. Nimeandika orodha kwenye daftari la vipimo vya wateja, upande wa nyuma. Bado tuna kurasa tatu. Amekonda, suruali anafunga kwa kamba. Jirani akipita dirishani ananiona namlisha, ananiambia nitapata thawabu yangu mbinguni. Namshukuru.

Kama kuna jambo lako unataka aulizwe, niandikie nitamwuliza.

Dada yako

14 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nimeisoma barua yako mara moja tu na sitaki kuirudia.

Sina swali la kumwuliza.

Nisikilize. Mimi ndiye niliyekwambia ngazi. Mimi ndiye niliyekwambia usitie sahihi. Haya yote nayabeba, sikukimbii. Nilitaka afe. Hata leo ukiniambia amekufa sitalia. Lakini mimi nachinja, Dada, ndiyo kazi yangu, wanyama mia nne kila siku, na kuna kitu kimoja tunafundishwa siku ya kwanza kabla hujapewa kisu: ukikata, kata mara moja. Anayekata nusu akamwacha mnyama aamke ili akate tena, anatolewa mstarini siku hiyohiyo na hapewi kisu tena maisha yake. Kuna mmoja alitolewa hivyo. Wote tulijua alikuwa anafurahia. Hatukula naye meza moja mpaka anaondoka.

Nilipofika kwenye "tulikirudia mpaka akakikumbuka" nilimwona yule mtu aliyetolewa mstarini.

Unaniambia umenenepa, una redio. Hujasema kama unalala. Hujaniuliza mkono wangu, hujaniuliza hata hali, na hali hujawahi kukosa kuniuliza. Barua zako zote nimezipanga, hii ndiyo ya kwanza isiyoniuliza kama niko mzima.

Tia sahihi. Najua nilivyosema. Nilikuwa mjinga, nilifikiri akiwa hana nguvu wewe utakuwa huru. Sasa naona yeye hawezi kula bila wewe na wewe huwezi kutoka kwa sababu hawezi kula, mmefungwa kamba moja, na kila siku mnavuta. Mpe kimashine chake ashibe kwa mkono wake. Halafu toka.

Nakuomba. Nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo na watu wananiangalia.

Mdogo wako

9 Agosti

Mdogo wangu,

U hali gani? Mkono wako je? Nakuuliza kwanza kabla ya yote, na nakuomba radhi.

Barua yako ilinikasirisha mpaka nikaichana. Nilisema, nani huyu, aliyekimbia akaniacha, leo ananifundisha kukata. Nilikutukana kwa sauti, Baba akanisikia kutoka chumba cha pili. Asubuhi yake nikachukua glasi nijinywee maji mimi mwenyewe, nina kiu, sina nia yoyote. Niliiweka mezani tu. Akajikunyata. Aliweka mikono miwili juu ya kichwa, viwiko vimebana masikio, magoti yamepanda kifuani, akawa anasema, "Nitasema, nitasema, niulize nitasema." Mkojo ukateremka kwenye kiti.

Ule mkao naujua. Wewe pia unaujua. Mama alikaa hivyo nyuma ya mlango wa jikoni.

Ungetegemea nilie. Nilimpiga. Kofi, kwa nguvu zangu zote, mpaka akageuka na kiti. Mkono ulikwenda peke yake, na uliposhuka nilisikia raha imeanzia kwenye bega mpaka kwenye vidole. Nikauinua wa pili. Ukabaki hewani, nikauangalia, nikaona ni mkono wa Baba kabisa, hata vidole vinavyokunjika, kile kidogo kinachotangulia. Nilikaa sakafuni kwenye ule mkojo. Kisha nikainuka, nikaenda kwenye vitambaa.

Nikatoa fomu nikaiweka mbele yake na kalamu. Nikamwambia ni fomu ya nini na daktari alisema nini. Nikamwambia nimeificha tangu Mei. Akaishika kalamu, akatia sahihi yake mwenyewe.

Walimwekea kile kimashine tarehe ishirini na nane Julai. Nilikuwapo daktari alipomjaribu. Alipewa maji ya baridi, akanitazama mimi kwanza kama anaomba ruhusa, akanywa glasi nzima. Kwenye kioo milima ikaendelea. Daktari akapiga makofi. Mimi nilitoka nje.

Amekula kwa siku kumi na mbili. Nyama, viazi, mkate kipande kizima. Kila siku nilimwona anarudi, kwanza rangi, halafu sauti, halafu mikono ikaacha kutetemeka. Nilimngoja arudi kamili. Nilitaka nimwambie mtu mzima, siyo mgonjwa. Kwa hiyo leo mchana, alipomaliza sahani, nilimwambia. Kwamba zile ngazi nilizichagua. Kwamba kiti nilikigeuza mimi. Kwamba nilisimama juu nikahesabu mia moja na ishirini. Kwamba kila alipozimika kwa kijiko nilijua, na nilifurahi.

Alisikiliza yote. Akauliza, "Sasa kwa nini umeniponya?"

Nikasema, "Ili niondoke. Ulipokuwa mgonjwa nilishindwa kukuacha, na nilipokuwa nawe nilikuwa nakuua kila siku."

Alisimama akanipiga. Ngumi safi, mdomoni, ya yule wa zamani kabisa. Meno mawili yanacheza nikiandika hapa. Nilianguka kwenye kabati, nikainuka. Akakunja tena, na mimi sikufumba macho, na sikuinua wangu. Alikuwa na nguvu zake zote, na mimi nilikuwa na mlango. Nikapita pembeni yake, nikachukua mzigo, nikatoka. Alinifuata mpaka getini na damu yangu kwenye vidole vyake, majirani wamejaa, anapiga kelele, "Na jioni nani atapika? We! Jioni nani atapika?"

Sikugeuka.

Niko kituoni. Nina leso mdomoni, tiketi ya kuja kwako, na cherehani, niliyoitanguliza asubuhi, imefungwa juu ya basi. Lakini sijapanda bado, kuna gari la saa kumi na la saa moja usiku, na kabla sijapanda nataka kukwambia ukweli wangu ili usije ukasema hukujua. Ile raha ya begani haijaondoka. Dereva alinikanyaga sasa hivi kwa bahati mbaya, na mkono ulianza kwenda. Niliukalia.

Barua hii nampa kondakta wa gari la saa kumi, itakutangulia kwa saa tatu. Ukiona sistahili kuingia kwako, usije kunipokea, nitaelewa, nitatafuta chumba. Ukija, njoo ukijua unampokea nani. Na siku yoyote ukiona mkono wangu umeinuka juu ya mtu, awe mkubwa, awe mtoto, hata kama nacheka, ushike. Usiogope kuuvunja.

Dada yako